Kupima ukubwa wa mwanasoka aliyetundika njumu: mwongozo kamili, kutoka barazani hadi daftarini

Pita Makadara au Mwembe Tayari hapa Mombasa jioni, dele la kahawa likizunguka, na hutakosa kusikia ubishi wa nani alikuwa mkubwa kuliko nani. Mmoja anahesabu vikombe, wa pili anahesabu mabao, wa tatu ameshikilia chenga moja aliyoiona uwanja wa Serani akiwa mtoto. Wote watatu wana hoja, ila kila mmoja anajibu swali lake, ndiyo maana kahawa huisha na ubishi haujaisha.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kufika kwenye hukumu anayoweza kuitetea: mwandishi wa taazia, kamati ya klabu inayochagua majina ya magwiji wake, mwalimu anayetayarisha historia ya michezo ya mtaa, au shabiki tu anayependa haki itendeke. Unahitaji daftari kubwa, kalamu ya rangi mbili, simu ya kurekodi sauti, na subira. Mchezaji wa Ulaya wa miaka ya karibuni utammaliza kwa jioni mbili kwa kuwa takwimu zake zipo. Mchezaji wa Pwani wa miaka ya 60 au 70, jipe wiki tatu hadi nne.

Kuna jambo moja la kuliweka kichwani tangu mwanzo, kwa sababu ndilo linalowaumiza wachezaji wetu: rekodi kukosekana si ushahidi kwamba mtu hakufanya kitu. Feisal ya Mombasa ilikuwa bingwa wa ligi ya taifa mwaka 1965. Waulize vijana kumi wa leo wakutajie wachezaji watatu wa kikosi kile. Ukitafuta mtandaoni dakika tano ukakuta kimya, usiandike "hakuwa na lolote". Andika "bado sijatafuta".

Hatua ya kwanza: gawanya swali

Neno "mkubwa" limebeba maswali matatu. Fungua kurasa tatu, kila swali na ukurasa wake.

La kwanza ni kilele. Alipokuwa katika ubora wake wa juu kabisa, alikuwa mzuri kiasi gani? Chukua misimu yake mitatu bora, uisahau mingine kwa muda.

La pili ni kazi nzima. Alidumu misimu mingapi katika kiwango cha kutegemewa? Paolo Maldini alichezea Milan mechi 902, na zaidi ya miaka ishirini ni klabu hiyo hiyo moja. Kazi ya namna hiyo haipimwi kwa kilele.

La tatu ni alama aliyoiacha: mchezo, klabu, au nchi ilibadilikaje kwa sababu yeye alipita? Roger Milla ni mfano mzuri. Katika Kombe la Dunia la 1990, akiwa na miaka 38, alifunga mabao manne, yote akiingia kutoka benchi, na Kameruni ikafika robo fainali. Mwaka 1994 Afrika ikapewa nafasi tatu badala ya mbili. Mabao manne si mengi kwa hesabu ya mabao, lakini alama yake ni nzito.

Mchezaji anaweza kuwa juu kwenye ukurasa mmoja na chini kwenye mwingine, na hilo si tatizo la kutatuliwa. Tatizo ni kubadili ukurasa katikati ya ubishi bila kusema.

Hatua ya pili: jenga jedwali la msimu kwa msimu

Chora safu hizi: msimu, klabu, ligi, mechi alizoanza, mechi alizoingia, dakika kama zipo, mabao, penalti ndani ya mabao hayo, nafasi ya timu kwenye ligi, jumla ya mabao ya timu, na safu pana ya mwisho ya "chanzo". Usiiache safu ya chanzo. Bila hiyo, miezi miwili baadaye hutajua kama namba uliisoma gazetini au uliisikia barazani.

Kwa wachezaji wa Ulaya na wa timu za taifa, tovuti za takwimu na kumbukumbu za RSSSF, hazina ya takwimu za soka mtandaoni, zinatosha kuanzia. Kwa wachezaji wa hapa, kazi iko kwenye magazeti ya zamani: Taifa Leo, Daily Nation, na kwa miaka ya nyuma zaidi Mombasa Times. Nyaraka za Kitaifa zilizoko Nairobi na maktaba za umma zina majalada. Nenda ukiwa na miezi unayotaka kusoma. Ukienda na jina la mchezaji peke yake utashinda huko siku nzima na kurudi mikono mitupu.

Ukishika gazeti la zamani, kwanza jifunze kusoma orodha ya kikosi. Mtindo wa zamani ulipanga majina kwa mfumo wa 2-3-5: kipa, fulbeki wawili, kisha watatu wa kati, mwisho mafowadi watano kuanzia winga wa kulia hadi winga wa kushoto. Hivyo jina la sita kwenye orodha mara nyingi ni la hafubeki wa kushoto, na la tisa ni la senta fowadi, hata kama habari yenyewe haisemi chochote. Weka kidole kwenye jina, hesabu kutoka kwa kipa, andika namba kando. Baada ya mechi kumi utaona kama mtu wako alikuwa na nafasi moja au alikuwa anazibia mapengo, na hilo pekee linakuambia jinsi kocha alivyomwona.

Halafu kuna majina, na hapa Pwani ndiyo penye mtego mkubwa. Mohamed, Mohammed na Muhamed anaweza kuwa mtu mmoja; Breik huenda akaandikwa Brek. Mchezaji anaweza kutajwa kwa jina lake na la babake wiki hii, wiki ijayo kwa jina la utani. Kinyume chake, ndugu wawili waliocheza timu moja huunganishwa wakawa mtu mmoja mwenye mabao ya watu wawili. Tengeneza ukurasa wa majina yote ambayo mtu wako ameandikwa nayo, na usijumlishe mabao mpaka nafasi ya uwanjani na klabu vikubaliane.

Hatua ya tatu: safisha namba

Namba mbichi hudanganya. Pele anatajwa kwa mabao 1,279 katika mechi 1,363, na hesabu hiyo imeingiza mechi za kirafiki na za ziara. Ukibakiza mechi rasmi, bado anazidi 700, nao ni mlima. Lakini huwezi kuweka 1,279 kando ya mabao rasmi ya mchezaji mwingine ukasema umelinganisha.

Kanuni ni hiyo hiyo kwa timu ya taifa. Mechi inayohesabika ni ya taifa kwa taifa. West Bromwich Albion walipozuru Afrika Mashariki mwaka 1968, mechi zao zilikuwa tamu na wazee wanazikumbuka mpaka leo, lakini mechi dhidi ya klabu haiingii kwenye hesabu ya taifa. Iweke kwenye safu yake. Vipute vya Ramadhani na mechi za mtaa nazo zina safu yake: hazipimi kazi rasmi, zinapima sifa.

Kisha piga hesabu ya mabao kwa dakika 90: mabao gawanya kwa dakika, zidisha kwa 90. Tuchukue mafowadi wawili wa mfano. Wa kwanza ana mabao 14 kwa dakika 1,260. Hiyo ni 1.0. Wa pili ana mabao 20 kwa dakika 2,700. Hiyo ni 0.67. Mtu wa haraka atasema wa kwanza ni bora. Sasa toa penalti. Wa kwanza ana penalti moja, anabaki na 0.93. Wa pili ana sita, anashuka hadi 0.47. Pengo limekua, lakini angalia tena dakika: wa kwanza amecheza sawa na mechi 14 tu, nusu msimu. Sisi hatukubali msimu wenye chini ya dakika 900 uingie kwenye kilele, na msimu wa 1,260 tunauingiza tukiuwekea alama ya tahadhari, kwa sababu wiki tatu za bahati zinatosha kuupandisha.

Dakika hazipo? Kwa ligi zetu za zamani hazipo kabisa. Kadiria: mechi aliyoanza hesabu 85, aliyoingia hesabu 25, na andika wazi juu ya ukurasa kwamba ni makadirio. Katika miaka ambayo wachezaji wa akiba hawakuruhusiwa, aliyeanza alicheza 90 hadi kipenga cha mwisho, hata akichechemea.

Hesabu mbili za nyongeza zinafaa sana. Moja ni kugawanya kwa wastani wa mabao ya ligi. Mwenye 0.67 katika ligi ya mabao 2.2 kwa mechi anapata 0.305, mwenye 0.80 katika ligi ya mabao 3.0 anapata 0.267. Aliyeonekana mdogo ndiye aliyekuwa na kazi ngumu zaidi. Nyingine ni fungu lake katika mabao ya timu. Diego Maradona mwaka 1986 alifunga matano na kutoa pasi za mwisho tano. Argentina ilifunga mabao 14 katika mashindano yote. Kumi kati ya 14 yalipitia mguuni mwake, au mkononi, kwa lile moja dhidi ya Uingereza. Fungu hilo linaeleza 1986 vizuri kuliko kusema tu "alishinda Kombe la Dunia".

Hatua ya nne: pima medali moja moja

Hapa ndipo mabaraza mengi huteleza. Medali ni ya timu. Kabla hujamhesabia mtu, jibu maswali matatu: alicheza mechi ngapi za mashindano hayo, alicheza zipi za mwisho, na timu ingefika bila yeye?

McDonald Mariga alijiunga na Inter ya Italia mapema mwaka 2010 akitoka Parma, na Mei mwaka huo Inter ikawa bingwa wa Ulaya kwa kuifunga Bayern Munich 2-0 jijini Madrid. Yeye alikuwa benchi na hakuingia. Kwenye ukurasa wa kilele, medali hiyo inabeba kidogo. Kwenye ukurasa wa alama inabeba sana, kwa sababu Mkenya alikuwa ndani ya kikosi kilichobeba kombe hilo, na mtoto wa Changamwe au Kisauni akajua kwamba njia ipo. Anayesema "alibeba Champions League" na anayesema "hakucheza fainali" wote wanasema kweli. Wako kurasa tofauti. Katika fainali hiyo hiyo Samuel Eto'o alianza, na lilikuwa taji lake la tatu baada ya 2006 na 2009, ambako alifunga katika fainali zote mbili. Huyo medali zake zinasimama kwenye kurasa zote.

Kuna upande wa pili wa medali, wa waliokosa. Kwenye Kombe la Dunia la 1966 medali za ubingwa walipewa wale kumi na mmoja tu waliokuwa uwanjani fainali ilipomalizika, kwa hivyo Jimmy Greaves wa Uingereza, aliyeumia kabla ya hapo, alikaa hadi 2009 ndipo akapewa yake. Pele aliumia katika mechi ya pili ya 1962 na Brazili ikachukua kombe Garrincha akiongoza. Kwa hivyo "makombe matatu ya Pele" ni kweli, lakini ukipima uzito wa mchango, la 1962 ni la Garrincha.

Na usimwadhibu mtu kwa pasipoti yake. George Weah alikuwa Mchezaji Bora wa Ulaya na wa dunia mwaka 1995 bila kucheza Kombe la Dunia hata mara moja. Liberia iliikosa tiketi ya 2002 kwa pointi moja nyuma ya Nigeria. Kumhukumu Weah kwa sababu hakuwa na wenzake kumi wa kiwango chake ni kuhukumu nchi, si mchezaji.

Tuzo binafsi nazo zina masharti yake. Ballon d'Or hadi 1994 ilikuwa ya wachezaji wa mataifa ya Ulaya tu. Mwaka 1995 ikafunguliwa kwa yeyote anayecheza Ulaya, na 2007 kwa dunia nzima. Anayesema Maradona hakuwahi kuishinda hajui kwamba hakuruhusiwa kushindana.

Hatua ya tano: rudisha zama mahali pake

Kila namba ina mlango iliyopitia, na milango imebadilika upana. Kombe la Mataifa ya Afrika lilikuwa na timu nane kuanzia 1968 hadi 1990, kumi na mbili mwaka 1992, kumi na sita kuanzia 1996, na 24 kuanzia 2019. Kenya iliyofuzu 1972, 1988 na 1990 ilipita mlango wa timu nane. Usiseme "walifika tu wakatolewa makundi" kana kwamba ni sawa na kufika leo.

Kombe la Dunia ni zaidi. Afrika ilisusia 1966 kwa kukosa hata nafasi moja ya uhakika. Ikapewa moja mwaka 1970, mbili 1982, tatu 1994, tano 1998. Mchezaji wa Kenya wa miaka ya 70 alikuwa anagombea kiti kimoja na bara zima. Katika safu ya Kombe la Dunia usimwandikie sifuri. Chora mstari, maana yake "mlango ulikuwa mwembamba".

Sheria za mchezo pia. Kabla ya 1992 kipa aliruhusiwa kudaka mpira aliorudishiwa na beki wake kwa mguu, kwa hivyo kumlaumu kipa wa zamani kwamba "hakujua kucheza kwa miguu" ni kumdai ujuzi ambao mchezo haukumuuliza. Kadi za njano na nyekundu zilianza kwenye Kombe la Dunia la 1970. Mafowadi wa kabla ya hapo walikatwa miguu na mabeki waliojua kwamba onyo la mdomo haliwagharimu kitu.

Lakini usiende upande wa pili ukaipamba zamani. Mabeki waliacha nafasi zaidi, mazoezi yalikuwa machache, na wengi walifanya kazi ya mchana kabla ya kuja uwanjani. Swali la haki si "angefanya nini leo?", kwa sababu hakuna anayejua. Uliza: aliwaacha wenzake wa wakati ule kwa umbali gani?

Hatua ya sita: kipa na beki wana daftari lao

Mabao yakitawala, walinzi hupotea. Hadi leo kipa aliyeshinda Ballon d'Or ni mmoja tu, Lev Yashin, mwaka 1963.

Tuchukue Mahmoud Abbas, mtoto wa Mombasa aliyeitwa "Kenya One". Kenya ilitwaa Kombe la CECAFA, la nchi za Afrika Mashariki na Kati, mara tatu mfululizo, 1981, 1982 na 1983, naye akiwa langoni. Ukimtafutia mabao hutapata chochote. Angalia basi matokeo yenyewe: fainali ya 1981 dhidi ya Tanzania, bao 1-0, ya 1982 dhidi ya Uganda, Kampala, sare ya 1-1 na mikwaju ya penalti, ya 1983 dhidi ya Zimbabwe, 1-0. Fainali tatu, bao moja tu limeingia wavuni mwake kabla ya penalti, na mbili kati ya hizo zilikuwa nyumbani kwa mpinzani. Hesabu hiyo haihitaji kompyuta, na inasimama kando ya rekodi ya fowadi yeyote wa kizazi chake.

Kwa kipa, basi, jaza: mabao aliyofungwa kwa mechi, mechi ambazo lango halikuguswa, penalti alizookoa kati ya alizopigiwa, na matokeo ya mechi za mtoano. Kwa beki na kiungo mkabaji, fanya jaribio la pengo: timu ilifungwa mangapi akiwepo, mangapi akikosekana? Chukua mechi zisizopungua kumi kila upande, la sivyo majeraha mawili na kadi moja vitakupotosha. Claude Makelele aliuzwa na Real Madrid mwaka 2003, walipokuwa mabingwa. Hawakutwaa tena ligi hadi 2007, na Chelsea aliyohamia ikachukua ya kwao 2005 na 2006. Si uthibitisho kamili, kwani mengine mengi yalibadilika, lakini ni dalili ya kuandikwa.

Hatua ya saba: wazee, na namna ya kuwauliza

Kwa wachezaji wa hapa, nusu ya ushahidi umo vifuani mwa watu, na watu wanaondoka. Hii ndiyo hatua tunayoomba usiahirishe. Gazeti litakungoja mwakani. Mzee wa miaka 80 huenda asikungoje.

Tafuta watu watano angalau: wawili waliocheza naye, wawili waliocheza dhidi yake, na mmoja asiye na upande, kama mwamuzi au mtunza uwanja. Beki aliyemkaba ndiye shahidi bora kuliko wote, kwa sababu hana sababu ya kumsifu bure. Waone mmoja mmoja. Ukiwaweka baraza moja, mwenye sauti kubwa atawalisha wengine kumbukumbu yake, na utatoka na ushuhuda mmoja uliorudiwa mara tano.

Nenda baada ya Asr, toa shikamoo, mwite ami au mzee kama inavyomstahili, kunywa kahawa kwanza. Usianze na "alikuwa mzuri?", maana jibu ni ndiyo kila mara. Uliza hivi: "Ami, ulipopangiwa kumkaba, usiku wake uliwaza nini?" "Mguu wake mbovu ulikuwa upi?" "Mechi gani alicheza vibaya, na kwa nini?" "Mlipokuwa nyuma bao moja, nani aliomba mpira?" Shahidi asiyeweza kutaja udhaifu hata mmoja anatoa heshima, si ushahidi. Iandike, ila usiipe uzito.

Akikutajia mechi, shika vitu vitatu: mpinzani, uwanja, na kitu cha kuipa tarehe, kama mwezi wa Ramadhani, msimu wa mvua, au harusi ya mtu. Kisha nenda gazetini. Mara nyingi utakuta matokeo ni 2-1 na si 5-0, na bao lilikuwa la mwenzake. Usirudi kumwaibisha mzee. Kumbukumbu hupokonya mabao na kuyapa majina yanayopendwa. Ni kawaida yake. Omba pia kuona albamu. Nyuma ya picha za kikosi mara nyingi kuna majina kwa kalamu ya wino, na mwaka, na hicho ni chanzo bora kuliko hadithi kumi. Piga picha pande zote mbili.

Mtego wa mwisho hapa ni sauti ya redio. Mtangazaji Leonard Mambo Mbotela, mzaliwa wa Frere Town hapa hapa Mombasa, alilifanya "Kadenge na mpira" kuwa msemo wa taifa zima. Mchezaji mwenyewe, Joe Kadenge, alistahili sifa, hilo hatulipingi. Lakini wachezaji wa Pwani kama Ali Kajo na Ahmed Breik hawakupata msemo unaorudiwa na watoto wasiowahi kuwaona, na umaarufu ukawa unagawanywa na maikrofoni. Ukikuta jina linajulikana sana, jiulize lilipitia wapi. Ukikuta halijulikani, jiulize vivyo hivyo.

Hatua ya nane: alama aliyoiacha

Usingoje muda mfupi sana. Alama hupimwa vizuri baada ya miaka mitano au zaidi tangu astaafu, maana msimu wa kwanza watu huwa wanaomboleza kuondoka kwake. Angalia vitu vinavyoonekana: rekodi, ushindi wa kwanza wa aina yake, njia aliyoifungua, wachezaji aliowalea. Kenya ilishinda mechi yake ya kwanza kabisa ya fainali za Afrika mwaka 2004 nchini Tunisia, 3-0 dhidi ya Burkina Faso, kwa mabao ya Emmanuel Ake, Dennis Oliech na John Baraza. Oliech aliondoka na mabao 34 ya timu ya taifa na misimu kadhaa ya ligi kuu ya Ufaransa, Nantes na Auxerre. Hayo yamo rekodini. Gor Mahia ya 1987 ilitwaa Kombe la Washindi la Afrika kwa bao la ugenini, 2-2 Tunis na 1-1 Nairobi dhidi ya Espérance, na kila mchezaji wa kikosi kile ana haki ya mstari huo kwenye ukurasa wake.

Ukocha, siasa na biashara baada ya kustaafu viweke kando. Weah alikuwa rais wa Liberia. Hilo halimwongezei bao wala kumpunguzia.

Madoa nayo yana ukurasa. Maradona alifungiwa mwaka 1991 kwa kokeini na akaondolewa Kombe la Dunia la 1994 kwa dawa. Yaandike yalivyo, na mwaka wake. Lililotendeka uwanjani au kubadili matokeo liingie kwenye hukumu ya soka. La nyumbani lisiingie isipokuwa limethibitishwa hadharani. Uvumi wa baraza usiuandike kabisa, hata ukiwa mtamu.

Hatua ya tisa: alama na hukumu

Sasa unaweza kutoa alama, kwa mia: kilele 30, kudumu 20, uzito ndani ya timu 20, mechi kubwa 15, alama aliyoiacha 15. Mgawanyo huu ni wetu. Ukiubadili, ubadili kabla ya kujaza, si baada ya kuona mchezaji umpendaye ameshindwa. Toa kiwango, si namba moja: "kati ya 70 na 78". Mchezaji mwenye magazeti kamili atakuwa na kiwango chembamba. Mwenye rekodi pungufu atakuwa na kipana, mathalani 60 hadi 82. Upana huo ndio ukweli wenyewe. Usimshushe kwenye 60 kwa sababu tu karatasi zimepotea.

Wape watu wawili wanaobishana nawe wajaze bila kuona alama zako. Mkipishana zaidi ya 10 kwenye kipengele kimoja, rudini kwenye safu ya chanzo ya kipengele hicho tu. Mara nyingi mtakuta mmoja alihesabu mechi za kirafiki.

Hukumu yenyewe iwe aya moja, kwa mpangilio huu: nafasi yake na miaka aliyocheza, misimu yake bora na kwa nini, mechi mbili zinazomweleza, udhaifu mmoja, alama aliyoiacha, na kile ambacho bado hakijapatikana. Weka tarehe chini. Toa nakala tatu: moja kwa familia yake, moja kwa klabu, moja maktaba. Ukurasa wa mwisho uache wazi wenye kichwa "nyongeza", kwa sababu aya yako ikishasomwa barazani, kuna mtu atakwenda nyumbani na kurudi na picha.